Kodi tatu, kodi nne, na siku niliponyamazishwa harusini

Mama yangu akisikia neno "kodi", fikira zake huenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Siku niliyorudi kutoka kwa mjomba nikamwambia kwa furaha kwamba nimepata kodi tatu, aliacha kukuna nazi akaniuliza, "Tatu? Za miezi gani?" Mjomba aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Kwake haikuwa mzaha. Mwezi ule tulikuwa tunadaiwa kweli.

Kwa asiyepiga gitaa, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa mpigo mmoja. C, E na G ni majina ya sauti, na zikilia pamoja hiyo ni kodi ya C. Sisi wapigaji hatuna neno jingine, na utani wa mwenye nyumba nimeusikia kila nilikokwenda, kuanzia Likoni mpaka Malindi.

Nilikuwa na miaka 13 na tulikaa Kisauni. Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni la mafuta ya kupikia lililotobolewa tumbo, shingo ya ubao wa dirisha bovu, na nyaya nne za breki za baiskeli. Lililia kama nyuki aliyefungiwa chupani. La mjomba lilikuwa gitaa hasa, ingawa ubavu wake ulikuwa umepasuka na kuzibwa kwa gundi ya mbao. Yeye alikuwa mmoja wa watu watatu wanaozunguka meza hadi meza katika mahoteli ya pwani ya kaskazini, wageni wakiwa wanakula. Gitaa mbili, kayamba, mashati ya maua.

Alianza kunifundisha kwa C, na kwa C ndipo nilipotaka kuacha. C yenyewe haina shida, G haina shida, lakini katikati yao kuna F, na F inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana sawasawa. Wiki mbili nzima nyuzi zangu zilitoa "tup, tup" kama matone ya mvua kwenye sufuria. Ncha za vidole zilichubuka. Nikishika mhogo wa moto naumia, nikishika kalamu naumia. Mjomba aliniangalia siku moja akasema:

"Waumia bure, mwanangu. Hama mtaa. Hapo C jirani yako ni F, na F ni mkorofi. Nenda ukakae G. Huko jirani zako ni C na D, watu wapole wote wawili."

Mpaka leo nikifikiria ki ya wimbo, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, naiona kama mtaa. Unapopanga ndipo nyumbani, nyimbo nyingi huanzia hapo na kurudi hapo. Majirani wawili wa karibu ndio unaokwenda kwao kila siku kuomba chumvi. Mjomba aliwapa namba: nyumbani ni moja, majirani ni nne na tano. Ukikaa G hesabu vidoleni: G, A, B, C, D. Ya nne ni C, ya tano ni D. Ukikaa A, ya nne ni D na ya tano ni E. Ukishajua kuhesabu, hakuna mtaa unaokutisha. Isipokuwa ile yenye F, ambayo ilinichukua mwaka mzima.

Wimbo wa kwanza ulikuwa ule ambao mtoto wa Pwani hahitaji kufundishwa maneno yake. "Jambo Bwana" uliimbwa na Them Mushrooms mwaka 1982, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Kikundi chenyewe kilianzia hapa hapa Mombasa na kililijua soko la mahoteli kwa undani. Mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi huko Ulaya. Moja, nne, tano, basi. Nimesikia wanamuziki wenzangu wakiubeza, ati ni wimbo wa kuuzia watalii vinyago. Wanaoubeza hawajawahi kusimama mbele ya meza ya wageni 12 wasiojua hata neno moja la Kiswahili na kuwafanya waitikie kabla supu haijafika. Kila mstari ni mfupi, kila mstari una jibu lake, na kodi inabadilika pale pale mgeni anapotaka kuvuta pumzi. Jaribu kutunga kitu chepesi hivyo uone.

Wa pili ulikuwa "Malaika". Huu ndio ulionichanganya. Mjomba aliniambia, "Kodi ni zile zile," nikamwona mwongo. Iweje? Ule mmoja unawafanya watu wapige makofi na huu unamfanya mtu aliyekuja na mkewe aangalie sahani. Fadhili William, mtu wa Taita, ndiye aliyeupa umaarufu, na watu wamebishana miaka mingi kuhusu nani hasa aliutunga. Kisha Miriam Makeba akaupeleka duniani. Katika albamu aliyotoa na Harry Belafonte mwaka 1965 umo. Kijana anapenda, hana mali ya kuolea, amekwama. Nikakaa nao usiku mmoja barazani, nikapiga polepole, na kweli: moja, nne, tano. Sikulala.

Kosa langu la kwanza kubwa lilizaliwa usiku ule. Nilifikia uamuzi kwamba muziki wote ni huu, kwamba nimeufumbua. Nilitembea Kisauni kifua mbele kama mtu aliyepewa ufunguo wa stoo.

Mjomba alinivua kiburi hicho, si kwa maneno bali kwa mkono wa kulia. Alinishikia G, akaniambia niitazame mikono yake yote miwili. Wa kushoto haukusogea. Wa kulia ukapiga rumba, ukibembea, nyuzi nene kwanza kisha nyembamba zikijibu. Kisha ukapiga rege: kimya kwenye mpigo wa kwanza, kisu kwenye wa pili, kimya, kisu. Kisha akapiga chakacha, mapigo sita yanayozunguka, ambayo yakichanganywa na ngoma zake, vumi na chapuo, kiuno cha mtu hakikai chini hata akiwa msibani. Mombasa Roots waliiingiza chakacha hiyo kwenye vyombo vya umeme miaka ya 1980 na "Disco Chakacha" yao ikapigwa mpaka kanda zikakatika. G ile ile. Mkono wa kushoto umelala usingizi, wa kulia umekuwa watu watatu tofauti.

"Kodi ni udongo," akasema. "Hakuna aliyesifiwa kwa kuwa na udongo."

Nilipofika miaka 21 mjomba aliumwa na mgongo, nikaingia mahali pake. Usiku wangu wa kwanza hotelini mwimbaji wetu alikuja sauti imemkauka kama kengele yenye kutu. Akanong'ona, "Leo tushuke." Tulikuwa tumezoea kupiga kwa C, akataka A. Mimi nilikuwa nimekariri umbo la kila wimbo vidoleni, namba nimeziacha Kisauni. Wimbo wa kwanza nilipiga nusu kwa A na nusu kwa C. Mgeni mmoja alidhani ni mtindo wetu wa kiasili, akapiga picha.

Kesho yake nilirudi kwa mjomba, yeye amelala chali juu ya mkeka. Hakunilaumu. Alinituma penseli na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Tulilaza penseli juu ya nyuzi, kwenye chuma cha pili kati ya vile vilivyokatiza shingo, tukaifunga kwa mpira mpaka ikabana. Hapo ukishika umbo la G inalia A. Kapo, yaani kibanio cha nyuzi, ya dukani sikuweza kununua kwa miaka miwili, na ile penseli ilifanya kazi vizuri isipokuwa siku za joto kali, mpira unapolegea, na Mombasa ni siku gani si ya joto? Ila aliniapisha: kapo ni ya kukuokoa, si ya kukufanya mvivu. Kabla ya kuifunga lazima nimwambie ya nne na ya tano za mtaa tunaohamia.

Nyuzi zenyewe zilikuwa msiba mwingine. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula nyuzi kama mchwa anavyokula fremu ya mlango. Nilijifunza kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, uzi mmoja mmoja, mpaka chini yake. Zilizokufa nilizichemsha katika sufuria kuukuu zikafufuka kwa siku mbili tatu. Hoteli moja tuliyopiga ilitulipa miezi mitatu baada ya msimu, na kwa miezi hiyo nilichemsha nyuzi mara nyingi kuliko viazi.

Pale hotelini, juu ya zile tatu zangu, ndipo nilipoongeza kodi moja. Wageni hawakutaka nyimbo zetu tu. Walitaka Bob Marley, kila usiku, kila meza. Mpiga gitaa mwenzangu, mtu mzima wa Likoni asiyependa maneno, alinionyesha vidole kimoja, vitano, sita, vinne. Sita ndiyo ngeni. Ni kodi ya maina, yaani ile yenye majonzi ndani yake. Kwa C ni Am, hiyo m ikiwa ndiyo maina. Kwa G ni Em. Ukipita C, G, Am, F, umeshika ubeti wa "No Woman, No Cry" unavyoanza. Ukirudia hiyo C, G, Am, F tena, umeshika "Let It Be" ya Beatles, ya mwaka 1970, inavyoanza. Ukizipanga upya, moja, sita, nne, tano, una "Stand by Me" ya Ben E. King ya mwaka 1961, inayozunguka hivyo hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuchoka wala kuchosha. Katika mwezi mmoja nikawa na nyimbo 40. Kiburi cha Kisauni kikarudi, safari hii kimevaa viatu.

Basi usiku mmoja, meza ya pembeni, wapo mume na mke, Wajerumani wazee, wamekunywa kidogo na wamefurahi. Waliomba Marley. Nikaanza: C, G, Am, F. Mwimbaji wetu akaingia na maneno ya Marley. Wale wazee nao, sijui kwa nini, wakaingia na ile ya Beatles. Mstari wa kwanza ulikaa kama pete na kidole. Watu wawili wanaimba wimbo mmoja, mmoja anaimba mwingine, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu chini yao gitaa linawabeba wote. Nikasema moyoni, si nilijua, zote ni moja.

Mstari wa pili ukatupasua. Wimbo wa Marley hapo huenda C, F, C, G. Unaishia G, kwenye ya tano, mlango umeachwa wazi, mtu bado yuko nje anangoja. Wa Beatles huenda C, G, F, C. Unarudi nyumbani, unafunga mlango, unavua viatu. Wazee walikuwa wamefika kwao wakati mwimbaji wetu bado amesimama uani. Yule mama akaweka mkono mdomoni. Mumewe alicheka mpaka akakohoa. Mpiga gitaa mwenzangu hakucheka, alinisogelea sikioni akasema, "Sasa umesikia." Yeye alikuwa amelijua siku zote, alikuwa akisubiri tu nijikwae.

Tangu siku ile niliacha kuhesabu nyimbo kwa kodi zake. Nikaanza kuuliza kila wimbo: unaishia wapi mstari wako? Nyumbani, au mlangoni? Nikazisikiliza upya hata za zamani. Nikamsikiliza Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani hii hii, aliyepiga gitaa enzi za babu zetu, na nikatambua mkono wake wa kushoto hautulii pale ambapo mimi ningelala kwenye moja. Anapita njia ya uani, anagusa kodi mbili tatu ndogo, kisha anafika. Ningeishi naye mtaa mmoja ningemchotea maji ili anionyeshe.

Kulikuwa na wimbo mwingine tuliopewa oda kila wiki, "Hotel California" ya Eagles. Wenyewe waliurekodi kwa Bm. Sisi tuliupiga kwa Am kwa sababu vidole ni vyetu na hakuna polisi wa ki. Am, E, G, D, F, C, Dm, E. Hatua nane. Na pia "Hit the Road Jack" ya Ray Charles ya mwaka 1961, ambayo ni ngazi ya kushuka: Am, G, F, E, tena Am, G, F, E, mpaka mwisho. Naomba msomaji aikumbuke hiyo E iliyoko chini ya ngazi. Nilikanyaga juu yake kila usiku kwa miaka minne bila kujua ni mlango wa nini.

Harusi yenyewe ilikuwa Mji wa Kale, uani kumezungushiwa maturubai, taa za rangi, wanawake wamejaa na harufu ya udi na asumini imejaa zaidi yao. Kikundi cha taarabu kilikuwa kimekosa mtu na rafiki yangu akanitaja. Nikaambiwa ni kinanda, akodiani, fidla, taishokoto, dumbaki, na mimi nitie gitaa tu pale nitakapoweza. Nilivaa kanzu ya kuazima. Sikufanya mazoezi nao. Nilijiambia, mtu aliyepiga nyimbo 100 za wazungu atashindwa na hizi nilizolala nazo tumboni mwa mama?

Wimbo wa kwanza ukaanza na taishokoto. Kwa asiyekiona chombo hiki: kilitoka Japani, kina nyuzi na vitufe kama vya taipureta, na kikilia katika taarabu ya Mombasa kinachoma kama pilipili ya kukaanga. Sauti ilizunguka E. Nikasikia maina, nikasikia huzuni, nikasema hii ni Am, nikatia Am, F, C, G kwa heshima na taadhima zote.

Am ikapita. F ikapita. C ikapita kwa shida. G ilipoingia, mwimbaji alikuwa amekaa juu ya G#, sauti iliyo chuma kimoja juu ya G, na kuirefusha, kichwa kimeinama, na G yangu ikaja chini yake kama pikipiki iliyoingia msikitini. Nilidhani nimechelewa, nikaongeza nguvu. Mzunguko wa pili, tena. Wa tatu, ami mmoja mpiga akodiani, bila kuacha kuvuta chombo chake, aliunyosha mguu akaligusa gitaa langu kwa kidole gumba cha mguu. Hakuangalia upande wangu. Wimbo ulipokwisha akasema, taratibu, kama anayemwambia mtoto ateremke kwenye ukuta:

"Nyamaa kwanza."

Nilikaa nyimbo tatu nzima na gitaa mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye leso ya manjano, alinionea huruma akaniletea halua.

Ningeweza kutorudi. Wiki iliyofuata nilipita Kibokoni, nikamkuta ami barazani na kikombe cha kahawa tungu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanisogezea kashata, hakutaja harusi. Nilikwenda mara nne kabla hajataja harusi. Mara ya tano alisema, "Yale uliyokuwa watia, wayatoa wapi?" Nikamwambia ni kodi. Akasema, "Mimi sikukudai."

Alichonifundisha kwa miezi, kwa mapande mapande, nitakieleza kwa lugha ya gitaa kwa sababu ndiyo ninayoijua. Sauti ile ya harusini ilikuwa katika Hijaz, mmoja wa mipangilio ya sauti ya Kiarabu. Ukianzia E, inapanda E, F, G#, A. Kati ya E na F ni chuma kimoja tu, wamebanana. Kati ya F na G# ni vyuma vitatu, pengo kama la jino lililong'oka. Utamu wote umo katika kubanana na kuruka huko. Kodi ya G ndani yake ina G kavu. Ukiipiga umelijaza pengo lile saruji. C nayo ina G hiyo hiyo, ndiyo maana ilipita kwa shida. Zile kodi zangu nne hazikuwa mbaya. Zilikuwa za nyumba nyingine.

Na Hijaz ni rahisi, akasema, kwa sababu hiyo angalau gitaa lina sauti zake. Kuna Rast, ambayo ukiianzia C, sauti yake ya tatu haiko kwenye E wala haiko kwenye E flati, iliyo chuma kimoja chini yake. Imekaa katikati, pale ambapo gitaa halina chuma. Udi unaweza, kwa sababu shingo yake ni laini, kidole kinateleza kinasimama kinapotaka. Alinisikilizisha Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu na kuishi hapa Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016. Kuna albamu yake ya mwaka 1990, "Mtindo wa Mombasa". Nilikaa na gitaa nikitafuta ile sauti ya katikati mpaka nikaupinda uzi kwa kidole, nikaipata, ikanitoroka. Ami akacheka: "Waacha. Hiyo si yako." Na akanisikilizisha Juma Bhalo, ambaye sauti zake nyingi zilitokana na filamu za Kihindi, maneno yakiwa ya washairi wa Kimvita. Hapo nilitegemea gitaa litapata nafasi. Lilipata, lakini finyu. Katika taarabu ile vyombo havijengi ukuta nyuma ya mwimbaji. Vinamfuata, sauti ile ile, kila kimoja na ulimi wake, na mstari ukikatika ndipo vinajibu. Mimi nilikuwa fundi wa ukuta niliyeitwa kwenye safari ya jahazi.

Kilichonifungua kilikuja siku nisiyotazamia. Nilikuwa nimefika mapema, ami yuko ndani anaswali, nikakaa barazani nikipasha vidole moto kwa "Hit the Road Jack", ile ngazi, kwa ajili ya kazi ya jioni. Am, G, F, E. Am, G, F, E. Nikamsikia nyuma yangu, kofia mkononi.

"Hapo mwisho. Rudia."

Nikarudia ngazi nzima.

"Siyo. Hapo mwisho peke yake. Simama papo hapo."

Nikapiga E. Nikaiacha ilie. Akaanza kuimba juu yake, polepole, sauti ya uzee, E, F, akaruka, G#, na G# yake ikaingia ndani ya G# ya kodi yangu kama mkono ndani ya mfuko. Nywele zilinisimama.

"Huu mlango," akasema, "waufungua kila mara, kisha wakimbia warudi juu. Kwani nyumba yaungua?"

Miaka minne. Watalii wakipiga makofi, mimi nikifika pale na kugeuza. Nikajaribu E kisha F kisha E, hizo mbili tu, ikakubali. Nikatia Am mara moja, ikakubali pia. Akatikisa kichwa: bado kelele. Akanishika kidole cha shahada, kile kile kilichonitesa kwa F nilipokuwa na miaka 13, akakiondoa juu ya uzi wa tatu. Mimi kwenye E hushika vidole vitatu. Viwili kwenye uzi wa tano na wa nne, na hicho cha tatu ndicho kinachotoa G#. Kikiondoka, na nikipiga nyuzi tatu nene tu, zinabaki E na B. Si meja tena, si maina tena. Haina furaha wala huzuni, ni sakafu tupu. "Hiyo G#," akasema, "mwachie mwimbaji. Ukimtangulia, yeye atasema nini?"

Nimepiga naye harusi kadhaa tangu wakati huo. Katika ile ya mwisho, Kizingo, kuna wimbo ambao nilishika vidole viwili tangu mwanzo mpaka mwisho, na kazi yote ikawa mkono wa kulia, kujua lini usipige. Wanawake walitoka kumtuza mwimbaji, noti zinapepea juu ya kichwa chake, na mmoja akarudi nyuma akachomeka ya shilingi 200 kwenye vifungo vya gitaa langu. Niliiacha ikae pale mpaka mwisho wa usiku. Ami alijifanya hakuiona.

Hotelini sasa tuna kijana mpya, mwepesi, mwenye kodi ambazo mimi hata majina yake sina. Alisikia habari za harusi akaniuliza nilipiga kodi gani.

"Moja," nikamwambia.

"Wimbo mzima?"

"Tena nusu yake."

Akataka nimwonyeshe. Nikampa gitaa, nikamwekea vidole viwili, wa tano na wa nne, nikamwambia apige nyuzi tatu za juu, zile nene, asubiri. Akapiga. Akasubiri kidogo, akaniangalia, kisha nikakiona kile kidole cha shahada kinanyemelea taratibu kuelekea uzi wa tatu.